Nani alilipia mwiko wa fundi? Historia ya pesa za masomo ya ujenzi kwetu Kongo



Wiki iliyopita kijana mmoja mwenye kutoka Masisi aliniletea karatasi. Lilikuwa tangazo la shirika moja lenye kutafuta vijana wa kufundishwa kazi ya kujenga. Kulikuwa pia pesa kidogo kwa kikundi kitakachofanya utafiti juu ya vifaa vya ujenzi vya hapa kwetu. Kijana huyu anajenga tangu akiwa na miaka 14. Anajua kupasua jiwe la volkano kwa nyundo mpaka likae sawa mkononi, lakini cheti hana. Aliniuliza: « Kaka, hizi pesa ni za watu kama sisi, ao ni za wale waliosoma? »

Sikumjibu haraka, kwa sababu ulizo lake limepita umri wa babu zetu. Tangu zaidi ya miaka 100, kila pesa iliyotolewa Kongo kwa kufundisha kazi ya mikono ilikuja na mlango wake na sharti lake. Mwenye kujua sharti aliingia, na mwenye kukosa kulijua alibaki inje akibeba mchanga.

Mashamba kwa ajili ya masomo

Tuanzie tarehe 26 mwezi wa tano mwaka wa 1906. Siku hiyo Serikali ya Léopold II, iliyoitwa Dola Huru ya Kongo, ilitia sahihi mapatano na Vatikani. Kila misioni ya Kikatoliki ilipewa udongo wa hektari 100 mpaka 200, bure na kwa siku zote. Kwa upande wake, misioni ilipaswa kufungua shule, na katika shule hiyo watoto wafundishwe kulima na kazi za mikono. Mapatano yalisema pia kwamba mapadri wanaweza kuombwa kufanya kazi za utafiti, kama kuchunguza inchi, makabila na lugha, nao watalipwa kwa kazi hiyo.

Angalieni vizuri: masomo na utafiti viliwekwa ndani ya karatasi moja, pamoja na malipo na masharti. Udongo huo ulikuwa wa wazee wetu, na hawakuulizwa. Hata hivyo, katika misioni nyingi ndipo watu wetu walijifunza kufinyanga tofali kwa kibao, kulichoma katika tanuru, na kusimamisha ukuta kwa kamba na timazi. Makanisa ya matofali mekundu tunayoyaona bado katika misioni za zamani yalijengwa na mikono ya hao wanafunzi, ijapokuwa majina yao hayakuandikwa ukutani.

Miaka ya 1920 serikali ya Wabelgiji ilianza kutoa pesa kwa shule za misioni, lakini kwa misioni zilizoitwa « za kitaifa », maana yake kwa kweli Wakatoliki wa Kibelgiji. Shule za Waprotestanti zilingojea mpaka kisha Vita ya Pili ya Dunia ndipo zikaanza kusaidiwa, mwaka wa 1948. Basi mtoto mwenye akili sawasawa na mwenzake aliweza kukosa msaada kwa sababu tu ya kanisa ambako baba yake alisali. Mwaka wa 1947 kukaundwa pia mfuko mwingine, Fonds du Bien-Être Indigène, kwa kusaidia maisha ya vijiji. Shule, zahanati na visima vilijengwa kwa pesa yake, na kazi hizo zilihitaji mafundi wa kujenga.

INPP na fundi wa barabarani

Kisha uhuru, Wabelgiji wengi walirudi kwao na mafundi wenye cheti walikuwa wachache. Tarehe 29 mwezi wa sita mwaka wa 1964 serikali iliunda INPP, chuo cha taifa cha kutayarisha watu kwa kazi. Pesa yake ilipangwa kwa akili: kila mwenye kuajiri watu anapaswa kutoa sehemu ya jumla ya mishahara anayolipa, kati ya asilimia 1 na 3, kufuatana na ukubwa wa kampuni. Kwa njia hiyo kazi yenyewe inalipia masomo ya kazi. Mpaka leo INPP inaendelea, na wageni pia waliisaidia. Wajapani kwa mfano, kupitia shirika lao JICA, walisaidia kuijenga upya INPP ya Kinshasa.

Lakini tazameni mlango huo uko wapi. Asilimia hizo zinatolewa juu ya mshahara ulioandikwa. Fundi anayelipwa kwa siku, anayeitwa asubuhi barabarani na kupewa franka zake jioni, hakuna anayemtolea kitu. Na kwetu Kivu, nyumba nyingi zinasimamishwa na fundi huyo. Wala mama anayegonga mawe kuwa changarawe kando ya barabara hahesabiwi, ijapokuwa bila changarawe yake hakuna beto. Si kwamba kuna aliyewafukuza. Sharti liliandikwa tu bila kuwafikiria.

Volkano na tetemeko walituuliza

Tarehe 17 mwezi wa kwanza mwaka wa 2002 Nyiragongo ililipuka. Moto wa mawe uliingia katikati ya mji wa Goma, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukaangusha kanisa kuu, ukafika mpaka ziwani. Watu kama 120.000 walibaki bila nyumba. Kisha jiwe kupoa, watu walifanya kile ambacho Goma inajua kufanya: walijenga juu ya jiwe lile lile, kwa jiwe lile lile. Jiwe letu lina matundu, linashika simenti vizuri, tena haliitaji kuchomwa kwa kuni.

Lakini jiwe ni zito. Tarehe 3 mwezi wa pili mwaka wa 2008, siku ya yenga asubuhi, inchi ilitetemeka kwa kipimo cha 5,9 karibu na Bukavu. Upande wa Kongo na upande wa Rwanda kuta zilianguka na watu walikufa. Pale ndipo ujuzi wa macho peke yake ulionyesha mpaka wake. Ukuta wa mawe wenye pande mbili zisizoshikana unafunguka kama kitabu. Unahitaji mawe marefu yanayopita kutoka upande mmoja mpaka mwingine, nguzo za beto kwenye kona, na mkanda wa beto wenye vyuma unaozunguka nyumba yote chini ya manjanja. Mambo hayo yalijulikana na watu waliosoma. Ila fundi wa kwa siku, nani alilipa ili ayajue?

Mfano mmoja wa pesa za utafiti zilizofika kwa mafundi ni PROECCO, proje ya Uswisi iliyoanza mwaka wa 2013 na kufanya kazi Rwanda, Burundi na upande wetu wa mashariki. Ilianza na maulizo mepesi: namna gani kuchoma tofali kwa kuni kidogo? Namna gani kujenga ukuta kwa matofali machache? Wakaonyesha ukuta ambamo tofali linalazwa kwa ubavu na kuacha nafasi wazi ndani, hivyo matofali na simenti vinapungua. Kwa inchi yetu, ambako kila tanuru inakula miti, ulizo kama hilo si la kitabuni tu. Ni ulizo la pori la Virunga na la mfuko wa mwenye kujenga.

Basi, nilimjibu nini yule kijana?

Nilimwambia kwanza: soma sharti mbele ya kusoma kiasi cha pesa. Wanataka mtu mmoja ao kikundi? Wanaomba cheti, ao wanakubali ushuhuda wa kazi iliyofanyika? Kuna tarehe ya mwisho? Historia inaonyesha kwamba sharti ndilo linafunga mlango, hata kuliko ukosefu wa akili.

Pili: utafiti si lazima uanze katika chumba cha vioo. Unaanza na ulizo na hesabu. Ukuta wa metre moja kwa moja unakula mawe mangapi na simenti kiasi gani? Ni ukuta gani ulipasuka, na pasuko lilianzia dirishani ao konani? Anayeandika hesabu hizo kila siku katika daftari, kwa miezi mitatu, ana kitu mkononi ambacho mwenye diploma anaweza kukosa. Na kama chuo ao injinia atakubali kusimama naye, barua yao inapata uzito zaidi.

Tatu: msiende mmoja mmoja. Kusanyeni mafundi, wasaidizi, na mama wa changarawe, lakini mama huyo awe na kazi na sauti ndani ya mpango, asiwe jina la kujaza orodha. Tafuteni barua ya shefu wa kartie ao ya kamati yenu, picha za kazi, na ushuhuda wa watu mliowajengea. Wakimbizi wa ndani wengi walipoteza karatasi zao njiani, lakini nyumba walizojenga, kama zimesimama bado, ni karatasi pia. Na mtu akiwaomba pesa ili awape fomu ya msaada, ondokeni.

Wengi wetu tutarudi siku moja kwenye vijiji ambako nyumba hazipo tena. Kutakuwa pesa za kujenga upya, na kutakuwa masharti. Afadhali watoto wetu wayajue tangu sasa, wasije wakabeba mchanga kwenye viwanja vya baba zao.

Kijana aliondoka na karatasi yake. Juzi alinipigia simu: wako watu tisa, daftari wamenunua, na wanabishana juu ya jina la kikundi. Nilicheka. Tutawaambia kama itafika mbali.

Kutoka Goma, ni mimi mwandishi wenu.