Hatima ya V8 za petroli chini ya jua la Garissa

KATIKA wadi ya Waberi mjini Garissa, kama kwingineko Kaskazini Mashariki mwa Kenya, jina V8 halihitaji maelezo. Ni Toyota Land Cruiser yenye injini ya silinda nane, gari la waheshimiwa na matajiri, linalosifiwa kwa nguvu zake mchangani na kulaumiwa kwa kiu yake ya mafuta. Enzi ya gari hilo sasa inaelekea ukingoni, na bei ya petroli ni sababu moja tu kati ya kadhaa.

Toleo la 200, lililoanza kuuzwa 2007, lilikuwa na injini za V8, zikiwemo ya petroli ya lita 4.6 na ya dizeli ya lita 4.5. Mwaka wa 2021 Toyota ilileta toleo la 300 lenye injini za silinda sita. Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka minane, V8 zilizosajiliwa mara ya kwanza 2021 zitapokelewa Mombasa hadi mwisho wa 2028. Kanuni hiyo isipobadilishwa, baada ya hapo mnunuzi atategemea zilizomo nchini.

GHARAMA YA SAFARI

Kutoka Garissa hadi Nairobi ni takriban kilomita 370. V8 inayotumia lita 15 kwa kila kilomita 100 huteketeza zaidi ya lita 55 kwa safari moja. Tangu kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe kilipoacha kazi hiyo mwaka wa 2013, Kenya huagiza petroli iliyokwisha kusafishwa. Mamlaka ya kudhibiti kawi, EPRA, hutangaza bei za juu zaidi zinazoruhusiwa kila tarehe 14 ya mwezi. Gharama ya uchukuzi huongezwa kadiri mji ulivyo mbali, ndiyo maana mkazi wa Mandera hulipa zaidi kuliko wa Mombasa.

MAFUTA YA MIMEA

Mafuta mbadala si jambo geni nchini. Katika miaka ya 1980 petroli ilichanganywa na ethanoli iliyotengenezwa Muhoroni kutokana na molasi ya miwa. Mpango huo ulikoma mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ethanoli huiwezesha injini kustahimili mgandamizo mkubwa, lakini lita moja yake ina takriban thuluthi mbili tu ya nishati ya lita ya petroli. Safari ya lita 55 ingehitaji lita 80 na zaidi, na injini yenyewe ingelazimika kurekebishwa.

Mbono, au jatrofa, ulisifiwa mno miaka ya 2000 kuwa zao la maeneo makavu. Utafiti uliofanywa nchini na kuchapishwa 2009, ukihusisha Kituo cha Kimataifa cha Kilimo-Misitu na taasisi ya KEFRI, uligundua kwamba mavuno yalikuwa haba, na ukashauri wakulima waupande kama ua tu. Mmea huweza kuvumilia ukame bila kuzaa mbegu za kutosha.

UMEME WA JUA

Utajiri wa kawi wa Garissa umo angani. Desemba 2019 kulizinduliwa rasmi mtambo wa umeme wa jua wa megawati 50, ambao hupeleka umeme katika gridi ya taifa. Mwaka huohuo ushuru wa bidhaa kwa magari yanayotumia umeme pekee ulipunguzwa kutoka asilimia 20 hadi 10, na 2023 EPRA ikaweka bei maalumu ya umeme wa kuchaji magari.

Hata hivyo, umbali ni kizingiti. Gari kubwa lenye betri ya kilowati-saa 100 husafiri takriban kilomita 400 kwenye lami. Litafika Nairobi likiwa limekaribia kuishiwa, na akiba hupungua zaidi kwenye mchanga, joto kali na mizigo. Anayekwenda Wajir, zaidi ya kilomita 300, hawezi kutegemea chaji ya mjini Garissa pekee kwa kwenda na kurudi. Dereva wa petroli hubeba mtungi wa akiba. Wa umeme hana la kubeba.

Kwa sababu hiyo, mabadiliko yana nafasi ya kuanza kwa vyombo vidogo. Bodaboda na tuktuk huzunguka mjini, hurudi nyumbani kila jioni na zinaweza kuchajiwa mchana wakati jua ni kali. Gari la wagonjwa linalokimbiza mama mjamzito kutoka kijiji cha mbali litaendelea kuhitaji mafuta hadi vituo vya kuchajia vienee barabarani. Anayenunua V8 leo kwa fahari anapaswa kujua kwamba gari hilo halitengenezwi tena.