Maji ya Moseley, Maji ya Bububu

Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu mjini Birmingham niliishi Moseley, kitongoji kilichoko kusini mwa mji huo. Siku za mapumziko nilipenda kutembea hadi Moseley Bog, msitu mdogo wa ardhi chepechepe ambako maji huchuruzika na kuingia katika kijito cha Coldbath, kilichokuwa kikikilisha maji kinu cha Sarehole. J. R. R. Tolkien aliishi jirani na kinu hicho utotoni mwake, tangu 1896 hadi 1900. Mimi niliyelelewa na bibi aliyeteka maji kwa ndoo nilistaajabu kuona chemchemi isiyo na foleni. Nilimwuliza mzee mmoja wa Kizanzibari, mkaazi wa siku nyingi wa mtaa ule, kama watu hawaji kuteka. Akacheka. “Mwanangu, hapa hapana atekaye. Hayo unayokunywa nyumbani yatoka Wales.”

Jawabu lile lilinipeleka maktabani, na huko nikakutana na jirani mwingine wa Moseley, aliyefariki mwaka 1914. Joseph Chamberlain alikuwa meya wa Birmingham kuanzia 1873 hadi 1876. Mji ulikuwa umejaa viwanda na visima vyake vimechafuka, huku maji ya bomba yakiuzwa na kampuni binafsi. Chamberlain alishikilia kwamba uhai wa watu haufai kuachwa mikononi mwa watafutao faida. Gesi iliponunuliwa na halmashauri ilikusudiwa kuiingizia fedha; maji hayakukusudiwa hivyo. Bunge lilipitisha sheria mwaka 1875, na mwaka uliofuata maji yakawa mali ya mji. Baadaye, mwaka 1880, Chamberlain alihamia katika jumba lake la Highbury, mwendo mfupi kutoka chumba nilichopanga.

Mwaka huohuo wa 1875, Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar, alizuru Uingereza. Alikuwa mtawala wa mji uliokwishaonja msiba wa maji machafu: kipindupindu cha 1869 na 1870 kiliua maelfu ya watu Unguja. Katika utawala wake, uliokoma kwa kifo chake mwaka 1888, Barghash alijenga mfereji wa kuleta maji ya chemchemi ya Bububu hadi Mji Mkongwe, na watu wakayapata bila malipo. Mabaki ya mfereji ule yangalipo kando ya barabara ya kaskazini. Ni rahisi kusema Sultani aliyaiga aliyoyaona Ulaya. Lakini pwani yetu haikungoja Ulaya ili ijue kwamba maji hutolewa. Kuchimba kisima na kukiweka wakfu ni sadaka ya kale kwetu. Bibi yangu, ambaye hakuwa na kisima wala bomba, aliweka mtungi na kata kwenye baraza yake ili mpita njia anywe. Akiuita mtungi ule “wa Mungu”, na sisi watoto tulikatazwa kuuchezea.

Hadi hapa kisa ni kizuri, na wanahistoria wengi huishia hapa. Lakini maji yana upande wa kutoka na upande wa kufika. Birmingham ilipozidi kukua, sheria ya mwaka 1892 iliiruhusu kutwaa bonde la Elan, katikati ya Wales. Mabwawa yakajengwa, pamoja na mfereji wa kilomita zipatazo 117, ambamo maji huteremka yenyewe bila pampu, kwani kutoka mwanzo hadi mwisho kimo hushuka kwa takriban mita 52. Mfalme Edward VII aliufungua mradi huo Julai 1904. Ni kazi ya uhandisi ya kutukuka. Hata hivyo, watu wapatao 100 waliondoshwa bondeni. Nyumba, shule na kanisa vikabomolewa. Na fidia wakalipwa wenye ardhi peke yao. Waliokuwa wapangaji waliondoka mikono mitupu.

Nalo jina la Chamberlain linarudi kwetu kwa mlango mwingine. Desemba 1902, akiwa Waziri wa Makoloni, alifika Mombasa na kupanda reli ya Uganda. Mwaka uliofuata alimpa Theodor Herzl wazo la Wayahudi kupewa makao katika nyanda za juu alizoziona kutoka dirisha la treni. Mpango ule haukutimia, lakini fikra yake yatosha kutufunza. Mtu aliyeamini kwamba maji ya Birmingham ni ya watu wa Birmingham hakuona tabu kuigawa ardhi ya Afrika Mashariki kana kwamba haina wenyewe. Uadilifu wake ulikoma pale ilipokoma orodha ya wapiga kura wake.

Siyasemi haya ili tuwacheke Waingereza. Zanzibar nayo ilikaa miongo mingi maji yakiwa bure, hadi mageuzi yaliyoiunda Mamlaka ya Maji kwa sheria ya mwaka 2006 yalipoleta utaratibu wa wananchi kuchangia gharama. Mabomba na pampu havijilipi, na mtungi wa bibi yangu haungeutosheleza mji. Lakini mtungi ule ulikuwa na kanuni moja ambayo haimo katika hesabu za Elan wala katika sifa tunazommiminia Barghash: aliyeujaza alijulikana, na aliyekunywa alimwombea dua.

Kila mwaka huwapeleka wanafunzi wangu Bububu kuuangalia mfereji wa Barghash. Hupenda kupiga picha. Kabla hawajazitoa simu zao huwataka waandike mambo mawili: nani aliletewa maji haya, na nani alikuwa akiyateka kabla hayajaondoka hapa. Swali la kwanza hulijibu kwa dakika tano. La pili huwalazimu kubisha hodi katika nyumba za jirani, kuwaamkia wazee waliomo na kukaa chini kuwasikiliza. Hapo ndipo somo letu la historia huanza.