Filbert Bayi: kutoka Mbulu ya zamani hadi ofisi ya Olimpiki

Mwanariadha wa Tanzania Filbert Bayi Sanka alizaliwa Karatu mwaka 1953, wakati Karatu ikiwa bado sehemu ya wilaya ya Mbulu. Hanang nayo ilikuwa humo kabla ya kumegwa. Nyanda hizo za baridi na hewa nyepesi zilimtoa pia John Stephen Akhwari wa Mbulu, aliyemaliza marathoni ya Mexico City mwaka 1968 akichechemea, mguu ukiwa umefungwa bandeji, na Gidamis Shahanga wa Katesh, Hanang, aliyetwaa dhahabu ya marathoni ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978.

Bayi alikwenda Olimpiki ya Munich mwaka 1972 akiwa kijana asiyejulikana, na hakufika fainali. Mwaka uliofuata, katika Michezo ya Afrika jijini Lagos, alimshinda Kipchoge Keino wa Kenya katika mita 1500. Hapo dunia ikaanza kumtazama.

Fainali iliyompa jina, ya mita 1500 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, ilikimbiwa Christchurch, New Zealand, Februari 2, 1974. Siku zile wakimbiaji wengi wa mita 1500 walijibana katikati ya kundi na kuvizia mzunguko wa mwisho. Bayi alitoka mbele tangu mlio wa bastola na kuacha pengo kubwa nyuma yake. John Walker, kijana wa nyumbani, alimkaribia kwenye mita za mwisho huku uwanja ukimshangilia, lakini hakumpata. Bayi alimaliza kwa dakika 3:32.16, rekodi mpya ya dunia. Walker, ingawa alishika nafasi ya pili, naye alikuwa ameivunja ile ya zamani ya Jim Ryun. Kukimbia namna hiyo kulihitaji ujasiri mkubwa, maana anayeongoza hana wa kumkinga upepo wala wa kumpimia kasi. Rekodi hiyo ilidumu hadi Sebastian Coe alipoivunja mwaka 1979. Kama rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, ilisimama hadi 2022.

Mei 1975, mjini Kingston, Jamaika, Bayi aliongeza rekodi ya dunia ya maili moja, dakika 3:51.0. Walker aliichukua miezi michache baadaye. Wawili hao walitarajiwa kukutana katika Olimpiki ya Montreal mwaka 1976, lakini Tanzania iliungana na nchi nyingine za Afrika kususia michezo hiyo, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Walker alishinda dhahabu bila mpinzani wake mkuu. Kwa wapenzi wa riadha nchini, pengo hilo halijazibika.

Katika Olimpiki ya Moscow, mwaka 1980, Bayi alihamia mita 3000 kuruka viunzi na maji. Aliongoza tena kwa mbali, hadi Bronisław Malinowski wa Poland alipompita katika mzunguko wa mwisho. Fedha yake, pamoja na ile ya Suleiman Nyambui katika mita 5000, ndizo medali pekee za Olimpiki ambazo Tanzania imewahi kupata.

Baada ya kutundika viatu, Bayi aliingia kwenye uongozi. Mwaka 2002 alishika ukatibu mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania, akaukalia kwa zaidi ya miongo miwili, akisimamia maandalizi na safari za timu za taifa. Alianzisha pia shule zinazobeba jina lake, ikiwemo ya Mkuza, Kibaha, ambako michezo hufundishwa sambamba na masomo.