Kompyuta ya Hazina

Mpwa wangu alipopata matokeo yake ya kidato cha sita, mwaka 2019, alitoka kwao Tandika akaja kwangu Mbagala jioni moja, akaniamkia, akakaa kwenye kigoda bila kusema neno. Alikuwa amefaulu vizuri Fizikia, Kemia na Hisabati, nami nilidhani amekuja kupokea pongezi. Kumbe alikuwa na jambo. Mbele yake palikuwa na milango miwili: sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au mifumo ya taarifa katika Chuo Kikuu cha Dodoma. Mama yake, ambaye ni dada yangu, anauza mitumba katika soko la Tandika. Alikuwa amemwambia: mwanangu, hayo mimi siyajui, ila ukikosea njia sina fedha ya kukurudisha njia panda.

"Mjomba," akaniuliza, "hivi kompyuta si ni ile ile?"

Jibu la haraka lipo. Anayesoma sayansi ya kompyuta huichungulia mashine kwa ndani: hisabati yake, namna ya kupanga data, namna ya kuiamuru ifanye kazi kwa hatua chache, namna programu moja inavyoziendesha nyingine. Anayesoma mifumo ya taarifa huanzia nje. Huangalia ofisi au hospitali, nani anaandika nini, karatasi inakwenda kwa nani, ndipo aiweke mashine mahali pake. Kwa hiyo husomeshwa pia uongozi na hesabu za fedha. Wote wawili hujifunza kuandika programu na kutengeneza hifadhi za data. Ningeweza kumpa jibu hilo tukanywa chai yetu yakaisha. Lakini swali lake lilinigusa kwenye kidonda.

Mwaka 1992 nilikuwa karani wa stoo katika kiwanda kimoja eneo la Chang'ombe, ambacho sitakitaja. Tuliletewa kompyuta ya kutunza hesabu ya vipuri. Vijana wawili wakaja kutoka mjini, nadhifu na wenye adabu, wakatuuliza tuna aina ngapi za vipuri, bei zake, na namba zake. Hawakutuuliza usiku huwa inakuwaje. Usiku stoo ilifungwa, lakini mitambo haikulala. Beringi ikikatika saa nane za usiku, msimamizi wa zamu aliandika kikaratasi, mlinzi akafungua, kitu kikatoka, na asubuhi mimi au mwenzangu tukakinakili kikaratasi kile kwenye leja. Kompyuta ilipokuja leja ikaondolewa, na vikaratasi vikakosa pa kwenda. Baada ya miezi mitatu mashine ikasema kuna beringi na mikanda haionekani. Mashine haikukosea kujumlisha, na hilo ndilo lililotumaliza. Mwenzangu, aliyekuwa ameshika funguo mwezi ule, alisimamishwa kazi. Vile vikaratasi vilikuja kuonekana ndani ya boksi la viatu, kwenye kabati la msimamizi wa zamu. Wakati huo mwenzangu alikuwa ameshafunga virago na kurudi kwao Kilosa, wala hakuna aliyemfuata.

Nilimsimulia mpwa wangu habari hiyo, kisha nikampeleka nyuma zaidi, kwa kuwa kisa chetu kilikuwa mtoto wa kisa kikubwa. Kompyuta ya kwanza katika nchi hii ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, mashine ya Kiingereza iliyoitwa ICT 1500. Nchi ilikuwa haijatimiza miaka minne ya uhuru. Hatimaye Hazina ikaletewa mashine kubwa zaidi, na hesabu za Serikali zikahamishiwa humo. Mambo yakaharibika. Hesabu zikavurugika, na hasara yake haikuwa ndogo. Wataalamu wengi walikuwa wageni, wananchi wenye ujuzi walihesabika kwa vidole, na makarani waliozizoea hesabu kwa taratibu zao za zamani walijikuta mbele ya taratibu mpya ambazo hawakuzitunga wala kuandaliwa kuzifuata. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na vifaa vyake. Televisheni nayo ikatiwa katika marufuku hiyo hiyo.

Vijana wa leo wakisikia hivyo hucheka, wakadhani wazee wao waliiogopa mashine kama mtu anavyoogopa jini. (Nadhani neno "ngamizi", ambalo kamusi zetu zimelitoa kwa maana ya kompyuta, nalo halikusaidia, masikio ya wengi husikia "angamiza".) Mimi sicheki. Serikali iliyopoteza fedha ilikuwa na haki ya kusita. Ninacholalamikia ni kwamba mshitakiwa hakuwa yeye. Chuma kilifungiwa nje, na swali la nani anaandika nini, lini, na kwa idhini ya nani, likaachwa mle mle ofisini. Masharti yalipokuja kulegezwa na kompyuta zikaanza kumiminika katika miaka ya 1990, ziliingia katika ofisi na viwanda vyenye vikaratasi vyao vya usiku, na hakuna aliyekuwa amefundishwa kuvitafuta.

Hata hivyo tusiwaonee watu wa Hazina. Chuo cha Purdue, Marekani, kilianzisha idara yake ya sayansi ya kompyuta mwaka 1962, na hiyo huhesabiwa kuwa ya kwanza nchini humo. Fani ile ya pili ilikuwa nyuma yake. Chuo Kikuu cha Minnesota kilianza kuitolea masomo ya shahada za juu mwaka 1968. Kwa hiyo mashine ya mwaka 1965 ilifika Dar es Salaam wakati ambapo duniani kote walikuwa wachache mno wenye kazi ya kuuliza habari za usiku.

Nilipofika hapo nilijiona nimemaliza kazi. Nikamwambia, mwanangu, nenda Dodoma.

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mjomba, wale vijana wawili walikosa shahada, au walikosa kuuliza?"

Nikamjibu kwamba kuuliza nako hufundishwa. Akasema yeye kafundishwa sokoni, kwani mama yake hanunui robota la mitumba bila kumhoji muuzaji mpaka akome. "Lakini yaliyo ndani ya mashine," akasema, "Tandika nitayapata kwa nani?" Kisha akanitolea mfano ambao sikuutegemea. Alikuwa amejitolea miezi michache katika zahanati ya jirani, akawaona wauguzi wakijaza vitabu vya MTUHA, vile vya taarifa za huduma za afya vilivyoanza miaka ya 1990: wagonjwa wangapi, watoto wangapi wamechanjwa, akina mama wangapi wamejifungua. Hesabu hizo huenda wilayani, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 huingizwa katika programu iitwayo DHIS2, ambayo mizizi yake iko Afrika Kusini ya miaka ya 1990, na ambayo Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei, kimeikuza. Hapa kwetu, alisema, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishirikiana na watu wa Oslo, na waliobeba kazi hiyo walitoka idara ya sayansi ya kompyuta. "Nao walikwenda zahanati kwa zahanati, mjomba. Hakuna aliyewakataza kwa sababu ya jina la idara."

Nilikuwa na la kujibu, na bado ninalo. Mtu mmoja mwenye moyo wa kuuliza si sawa na mtaala unaomlazimisha kila mwanafunzi kuuliza, na wale vijana wa mwaka 1992 hawakuwa watu wabaya. Tulibishana mpaka nikamkumbusha kuwa usiku unaingia na daladala zinaanza kuadimika. Alipoondoka nilikuwa sijashawishika, wala yeye.

Alichagua sayansi ya kompyuta, akapata nafasi, akaanza kwenda Kijitonyama kila siku kwa daladala mbili. Mama yake alifurahi zaidi kuliko mtu yeyote, kwa sababu mtoto angelala nyumbani, na gharama za Dodoma zilikuwa zikimkosesha usingizi. Nakiri kwamba jambo hilo sikulipima hata kidogo nilipokuwa nikitoa hotuba yangu.

Katika muhula wake wa pili alikuja tena Mbagala, siku ya Jumapili, na daftari. Walikuwa wamepewa zoezi la kutengeneza programu ya stoo. Aliniomba nimweleze upya, polepole, mlinzi alikuwa anampa nani kile kikaratasi, na kama msimamizi wa zamu asipokuwepo nani aliruhusiwa kutia sahihi. Jibu la swali hilo la mwisho sikuwa nalo. Katika miaka yangu yote ya stoo sikuwahi kuliuliza.