Safari za Bandarini na Mandhari ya Barafuto katika Ziara za Meli Alaska

Safari za bandarini ni matembezi ya saa chache ambayo abiria wa meli ya kitalii huyafanya wakati meli imefunga gatini au imetia nanga: kwa miguu, kwa basi, kwa treni, kwa boti au kwa ndege ndogo. Makala hii inahusu matembezi hayo kusini-mashariki mwa Alaska, jimbo la Marekani ambako milima inaanguka moja kwa moja baharini na miji mingi haina barabara ya kuiunganisha na sehemu nyingine za nchi. Hata Juneau, makao makuu ya jimbo, hufikiwa kwa chombo cha majini au kwa ndege tu. Kwa sababu hiyo meli si starehe pekee huko. Ndiyo njia ya kawaida ya kuiona nchi.

Msimu huanza mwishoni mwa Aprili na kwisha Oktoba. Ziara ya kawaida ni ya usiku 7. Meli huondoka Seattle au Vancouver, hupita katika Inside Passage, yaani mlolongo wa milango ya bahari iliyokingwa na visiwa, kisha hurudi ilikotoka. Nyingine husafiri upande mmoja tu, kutoka Vancouver hadi Whittier au Seward. Abiria wa Seattle hushangaa kuona ratiba yao ina kituo kimoja cha Kanada, mara nyingi Victoria, tena jioni. Chanzo ni sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inayozibana meli zenye bendera ya kigeni: zikichukua abiria katika bandari ya Marekani na kuwarudisha hapohapo, lazima ziguse bandari ya nchi nyingine njiani. Meli kubwa karibu zote zina bendera za kigeni. Kituo hicho basi kipo kwa ajili ya sheria, na saa zake ni chache. Hakifai kulipiwa safari ya gharama. Matembezi ya miguu mjini yanatosha.

Kinachoonekana kutoka sitahani

Kosa la kwanza la msafiri mgeni ni kulipia kitu ambacho meli itamwonyesha bila malipo ya ziada. Barafuto kubwa, yaani mito ya barafu, zinazoishia baharini huonekana vizuri zaidi kutoka sitahani kuliko mahali pengine popote.

Mfano bora ni Glacier Bay. Mwaka 1794 mabaharia wa nahodha George Vancouver walipofika hapo hawakukuta ghuba ndefu. Walikuta ukuta wa barafu na upenyo mfupi mbele yake. Mwaka 1879 mwanaasili John Muir alifika kwa mtumbwi akiongozwa na Watlingit, wenyeji wa eneo hilo, akakuta barafu imerudi nyuma makumi ya kilomita. Leo meli huingia ndani kiasi cha kilomita 100 kabla ya kufika mbele ya barafuto ya Margerie, yenye upana wa kilomita moja na nusu hivi na urefu wa kilomita 34. Ni vigumu kupata mahali pengine duniani ambapo historia ya barafu kurudi nyuma imeandikwa na mashahidi wengi kiasi hiki.

Glacier Bay ilihifadhiwa mwaka 1925, ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1980. Meli kubwa zinazoruhusiwa kuingia hazizidi 2 kwa siku. Hakuna gati ya kushukia: askari wa hifadhi hupanda melini asubuhi, hueleza kwa kipaza sauti, kisha huteremka jioni. Kwa hiyo uamuzi kuhusu Glacier Bay hufanywa siku ya kununua tiketi, si siku ya kufika. Ratiba isiyoitaja kwa jina haifiki huko, na hakuna safari ya bandarini itakayofidia.

Ratiba nyingine huenda barafuto ya Hubbard karibu na Yakutat. Hii ina urefu wa kilomita 122, na uso wake unaogusa bahari una upana wa kilomita 10 hivi. Wakati majirani zake wengi wanarudi nyuma, Hubbard imekuwa ikisogea mbele. Mwaka 1986 na tena mwaka 2002 iliziba mlango wa hori la Russell na kuligeuza ziwa kwa miezi kadhaa. Nahodha anaweza kulazimika kusimama mbali ikiwa mabonge ya barafu yametanda baharini, na uamuzi wake haujadiliwi.

Hori la Tracy Arm, kusini mwa Juneau, lilikuwa chaguo la tatu kwa miaka mingi. Tarehe 10 Agosti 2025 sehemu ya mlima iliporomoka karibu na barafuto ya South Sawyer na kusukuma wimbi kubwa lililokwangua miti na udongo kwenye kuta za hori. Baada ya hapo kampuni kadhaa za meli zilihamia hori jirani la Endicott Arm, lenye barafuto ya Dawes. Msafiri asome ratiba ya mwaka wake, wala asitegemee masimulizi ya waliotangulia.

Mbele ya barafuto, meli hukaa kiasi cha saa moja ikijizungusha polepole ili pande zote mbili zione. Hakuna haja ya kugombea upande. Mahali pazuri ni sitaha ya wazi kwenye omo, na kitu cha kusubiri ni kuvunjika kwa barafu. Jicho huona kabla ya sikio: kwa umbali wa nusu kilomita, kipande huanguka, kisha sekunde moja na nusu baadaye ndipo mshindo hufika. Anayegeuka baada ya kusikia amekwishachelewa. Rangi ya buluu iliyomo ndani ya nyufa ni ya barafu yenyewe. Uzito wa theluji ya miaka mingi hukamua viputo vya hewa, na barafu iliyoshikamana hivyo hufyonza mwanga mwekundu na kuachia wa buluu. Siku ya mawingu rangi hiyo hukolea zaidi. Mvua, ambayo wengi huiona kuwa mkosi, haiharibu siku ya barafuto.

Kinachotaka mtu ashuke

Wanyama na misitu haviji melini. Hapa ndipo fedha itumike, na cha kutazama kwanza ni tarehe, kabla ya bei. Mtu wa Mei, mtu wa Julai na mtu wa Septemba hawaioni Alaska moja.

Mei ina mvua chache kuliko miezi ya mwisho wa msimu, na vilele bado vina theluji, lakini samoni hawajapanda mitoni. Kuanzia Julai hadi Septemba samoni hurudi kutoka baharini kwenda kutaga katika mito walimozaliwa, kisha hufa. Kijito cha Ketchikan hupita katikati ya mji wenye jina hilo, na katika miezi hiyo samoni huonekana kutoka darajani wakipigana na mkondo, bila tiketi wala kiongozi. Dubu huwafuata. Kwa hiyo safari ya kutazama dubu ya Julai na Agosti ina maana. Ileile ikinunuliwa Mei, ni matembezi ya msituni. Penye dubu wengi zaidi ni kisiwa cha Admiralty, ambacho Watlingit hukiita Kootznoowoo, ngome ya dubu. Wanaokadiriwa kuishi huko ni 1,600 hivi. Lakini hufikiwa kwa boti au kwa ndege ndogo, na nafasi ni chache.

Nyangumi wenye nundu huwapo msimu wote. Majira ya baridi huwa Hawaii wakizaa, ambako karibu hawali kitu. Kiangazi huja Alaska kula samaki wadogo na uduvi. Msomaji wa pwani ya Kenya na Tanzania anawajua ndugu zao: wale wanaopita Watamu na Zanzibar kati ya Julai na Oktoba hutoka bahari ya kusini karibu na Antaktiki, wakifuata mwendo huohuo kwa kinyume. Tofauti ni kwamba wa kwetu wamekuja kuzaa, wa Alaska wamekuja kula, na nyangumi anayekula ana mengi ya kuonyesha. Wakati mwingine kundi huzunguka chini ya samaki likipuliza viputo kama wavu, kisha wote hupanda juu kwa pamoja midomo wazi. Boti nyingi za nyangumi huondoka Auke Bay, nje kidogo ya mji wa Juneau, na Icy Strait Point huko Hoonah, ambako maji ya ng'ambo yana chakula kingi. Sheria ya shirikisho inakataza chombo kumkaribia nyangumi mwenye nundu kwa chini ya yadi 100, yaani mita 91. Kiongozi anayeahidi kumsogelea zaidi ni wa kukimbiwa. Boti ndogo ni bora kuliko kubwa, kwa kuwa kila mtu hupata ukingo wa kusimama.

Kama msafiri ana fedha ya safari moja tu katika ziara nzima, hii ya nyangumi ndiyo ya kuchagua.

Juneau ina pia barafuto ya Mendenhall, kilomita 19 kutoka mjini, ndani ya msitu wa taifa wa Tongass, mkubwa kuliko misitu yote ya taifa ya Marekani. Kituo cha wageni kilifunguliwa mwaka 1962 mahali ambapo barafu ilionekana jirani. Leo ziwa limeitenga mbali. Njia ya miguu ya kwenda maporomoko ya Nugget ni tambarare na inafaa hata kwa wazee. Tangu mwaka 2011 maji yanayokusanyika katika bonde la pembeni ya barafuto hufumuka, na mafuriko ya Agosti 2023, 2024 na 2025 yalifika hadi kwenye nyumba za watu. Anayekwenda mwezi huo aulize hali ya njia asubuhi ya siku hiyo.

Helikopta hutua juu ya barafuto, na ndege zenye maboya hupita juu ya kuta za mawe za Misty Fiords karibu na Ketchikan. Hakuna kinacholingana na kuuona uwanda wa barafu kutoka juu. Lakini gharama yake ni mara kadhaa ya boti ya nyangumi, na ukungu huahirisha safari hizi mara kwa mara; Ketchikan hupata zaidi ya milimita 3,500 za mvua kwa mwaka. Hatari nayo ipo: Mei 2019 ndege mbili za watalii ziligongana angani karibu na Ketchikan, watu 6 wakafa. Rubani anayesema leo hatupai apewe shukrani, asisukumwe.

Skagway ni mji wa treni. Dhahabu ilipopatikana Klondike mwaka 1896, maelfu walishuka hapo kuvuka milima kuingia Kanada, na farasi wapatao 3,000 walikufa kwenye njia ya White Pass. Reli nyembamba iliyojengwa kati ya 1898 na 1900 hupanda mita 873 katika umbali wa kilomita 32 hivi. Kupanda, upande wa kushoto ndio wenye mabonde. Kurudi, abiria hubadilishana viti. Sitka, iliyokuwa mji mkuu wa Warusi hadi Alaska ilipokabidhiwa kwa Marekani mwaka 1867, inatazamika kwa miguu, na majini kuna fisi-maji wa baharini.

Tiketi na saa

Safari hununuliwa melini au kwa wenyeji moja kwa moja. Tofauti kubwa ni moja: basi la meli likichelewa, meli hulisubiri au kampuni humtafutia abiria njia ya kuifuata; anayejitegemea akichelewa, ameachwa, na katika miji isiyo na barabara kuachwa ni jambo zito. Kwa upande mwingine wenyeji huchukua watu wachache, huwa na bei nafuu zaidi, na fedha hubaki mjini. Penye gati karibu na mji, kama Juneau na Ketchikan, kujitegemea ni salama ikiwa msafiri ataacha nafasi ya saa moja na nusu kabla ya mwisho wa kupanda. Saa ya kufuata ni ya meli. Simu hubadilika yenyewe na kudanganya. Kwa safari ya dubu au ndege ya mbali, tiketi ya meli ina thamani yake.

Mwenye shida ya kutembea aulize pia saa ya maji kupwa. Tofauti ya kujaa na kupwa huko huzidi mita 5 wakati wa bamvua, na ngazi ya kushukia iliyokuwa karibu tambarare asubuhi huweza kuwa mteremko mkali mchana.

Wenyewe wa nchi

Mandhari hii haikuwa tupu kamwe. Watlingit wa Huna waliishi mahali ambapo sasa ni Glacier Bay, hadi barafuto iliposonga mbele katika karne ya 18 na kuwafukuza kutoka vijiji vyao. Barafu iliporudi nyuma, ghuba ilifanywa hifadhi, na kwa muda mrefu sheria ziliwazuia kuvuna na kuwinda kama mababu zao. Mwaka 2016 nyumba ya ukoo iitwayo Xunaa Shuká Hít ilifunguliwa Bartlett Cove, ufukweni mwa ghuba hiyo, na watu wa jamii hiyo wakaingia kwa mitumbwi. Meli kubwa hazifungi hapo, lakini Watlingit wa Huna hupanda melini pamoja na askari wa hifadhi na kuzungumza na abiria ukumbini. Icy Strait Point nayo ni mali ya shirika la Watlingit hao. Msafiri atakayeingia Glacier Bay asikose mazungumzo hayo; ayasikilize asubuhi, kabla ya kutoka nje kuitazama barafu.