Nyota wa Madras Kizimbani

Kila nikitazama filamu ya Kitamil ya kisasi, ile ya mfanyakazi aliyesingiziwa kazini, namkumbuka M. K. Thyagaraja Bhagavathar. Masaibu yake hayakutungwa na mwandishi yeyote.

Mwaka 1944 hakuna muigizaji wa Madras aliyemfikia. Filamu yake Haridas, iliyotoka wakati wa Diwali, ilioneshwa katika jumba la Broadway hadi ikazikuta Diwali mbili nyingine. Mjini humo C. N. Lakshmikanthan alichapa gazeti la umbea, akiwaanika wasanii bila haya. Bhagavathar na mchekeshaji N. S. Krishnan wakamlalamikia gavana, gazeti likafutiwa leseni. Lakshmikanthan hakukoma, akaibuka na jingine, Hindu Nesan.

Tarehe 8 Novemba Lakshmikanthan alichomwa kisu akiwa kwenye riksho mtaani Vepery, akafa kesho yake. Basi, nani asingewashuku wale waliokwisha kumshtaki kwa gavana? Wote wawili wakakamatwa, na mwaka 1945 wakahukumiwa kifungo cha maisha. Rufaa ilifika hadi London, kesi ikarudishwa Madras, na Aprili 1947 wakaachiwa huru.

Krishnan alirudi kazini, watu wakacheka kama zamani. Mwenzake hakupata bahati hiyo: Rajamukthi, filamu yake ya 1948, ilidoda. Kwa maoni yangu, kilichommaliza si jela peke yake. Alipotoka, watazamaji walikwisha kuzoea sura nyingine, na wenye pesa za kutengeneza filamu hawana subira. Alifariki mwaka 1959.