Magugu ya Malisho katika Nyanda za Juu za Ngorongoro

Magugu ya malisho ni mimea ambayo mifugo huikwepa, ama kwa uchungu wake, ama kwa sumu iliyomo, ama kwa ugumu wa majani, nayo kwa kukwepwa huko huzidi kustawi pale nyasi tamu zilipoliwa hata shinani. Katika nyanda za juu za Ngorongoro, kaskazini mwa Tanzania, ambako Wamasai huchunga ng'ombe, kondoo na mbuzi katika miinuko ipitayo mita 2,000, magugu hayo ni ya jinsi nyingi, na yaliyo mazito zaidi ni wenyeji wa ardhi ileile.

Kubwa lao ni Eleusine jaegeri, nyasi imeayo kwa mashada mazito yenye majani magumu kama kamba, iliyopewa jina la Fritz Jaeger, mwanajiografia Mjerumani aliyezizuru nyanda hizo mwanzoni mwa karne ya 20. Ng'ombe huila ingali changa, khasa ichipuapo baada ya moto. Ikikomaa huiacha, wakarudia nyasi laini zilizosalia baina ya mashada, nayo ikapata nafasi ya kutanuka. Desturi ya wafugaji ilikuwa kuichoma wakati wa kiangazi, lakini kwa miaka mingi walizuiliwa. Fauka ya hayo, majira nyumbu wanapozaa katika mbuga za Serengeti, wafugaji hulazimika kubaki milimani, wakichelea homa ambayo ndama wa nyumbu huwaambukiza ng'ombe nayo huwaua, hata malisho ya juu yakakosa mapumziko wakati uleule yanapoyahitaji. Kwa hiyo si insafu kumlaumu mfugaji kwa wingi wa mifugo yake pasipo kutazama jinsi njia zake zilivyozibwa.

Sakafu ya kasoko ya Ngorongoro, yenye takriban kilomita za mraba 260, inatoa ushahidi wa namna nyingine. Wamasai waliondolewa humo mwaka 1974, na moto wao ukakoma pamoja nao. Nyasi zikarefuka, nyati wakaongezeka, nyumbu wakapungua, na mwanzoni mwa miaka ya 2000, kufuatia ukame mkali, Bidens schimperi yenye maua ya manjano na Gutenbergia cordifolia yenye maua ya zambarau zilitapakaa katika sehemu kubwa ya malisho. Zote mbili ni za asili ya Afrika, wala hapakuwapo tena wafugaji wakaao humo wa kusingiziwa. Hii ya pili ina kemikali zenye madhara kwa wanyama wacheuao.

Wageni kutoka Amerika, mathalani Argemone mexicana na Tagetes minuta, huonekana zaidi kandokando ya barabara na penye udongo uliochimbuliwa, ilhali ndulele hupenda maboma yaliyohamwa.

Uchomaji wa mpango ulirejeshwa kasokoni mwaka 2001, na ufyekaji hutumika pia. Nao hufaa ukitangulia mbegu kuiva, maadamu Gutenbergia huishi msimu mmoja tu na huzaliana kwa mbegu.